Bati Linadai Mia Mbili

Kabla watu hawajaingia napiga uzi wa tatu, mtupu,
na paa la ukumbi wa Mama Chiduo linaitikia.
Si kwa adabu. Linatetemeka kwenye misumari yake
kama mtu aliyekabwa shati sokoni Majengo.
Kila chumba kina noti kinayoidai.
Hiki cha Kizota kinadai mia mbili,
hezi mia mbili, si shilingi;
ingekuwa shilingi ningelipa tukaishi kwa amani.
Nashusha kitelezi kidogo. Bati linanuna.
Kidogo tena. Linanyamaza.

Ekwalaiza yangu ina vitelezi saba.
Cha tatu kilikatika njiani tukitoka Mpwapwa,
nakisukuma kwa njiti ya kiberiti.

Amoni, gitaa la pili, ana miaka kumi na tisa
na sheria moja: ukiona kitufe, zungusha mpaka kigome.
Besi mwisho, trebo mwisho, mwangwi mwisho,
na katikati ameacha pengo
kama kicheko cha mtu aliyeng'olewa meno ya mbele.
Chumbani kwake, Chang'ombe, peke yake, inapendeza.
Hapa besi ya Chitema inamfunika kutoka chini,
matoazi yanamfunika kutoka juu,
anakuna nyuzi mpaka vidole vinachubuka
kisha ananigeukia: Kaka, ampli imekufa?
Haijakufa, bwana. Umejifuta katikati.
Mtu wa Kanda ya Kati
anajinyimaje kati?

Hajacheka. Akapunguza trebo robo, kwa kuniridhisha,
akairudisha nilipoinama kufunga kamba ya kiatu.

Nitasema nini? Mimi pia nina wazimu wangu.
Mjomba Msagasa hakuwa na pedali.
Ilimba yake ilikuwa na tundu kifuani,
na juu ya tundu utando wa mayai ya buibui, mweupe,
aliobandua ukutani kwa ncha ya kisu
akiwa ameziba pumzi usipeperuke.
Kila noti ilitoka na vumbi lake,
na nzi wake, na kiangazi chote cha Chamwino.
Nimenunua pedali tatu kuutafuta ule mkwaruzo.
Ya kwanza iliunguza tu.
Ya pili: nyuki waliofungiwa kwenye debe.
Ya tatu ilikaribia, usiku mmoja,
betri yake ilipokuwa inakata roho.
Nikaweka betri mpya; mlio ukatoweka.
Ile ya zamani ninayo bado, nimeihifadhi ndani ya soksi.
Huwa naichomeka wimbo mmoja tu kwa mwezi.
Mke wangu hajui nimwombee nini.

Jumamosi ile nilikuwa nimeichomeka.
Saa nne na robo, ubeti wa pili,
mvua ya kwanza ya Desemba ikashuka juu ya bati
yote trebo, trebo tupu,
haina kitufe.
Wachezaji wakakimbilia nje, nyuso juu,
Mama Chiduo akaanza kupanga ndoo chini ya michirizi,
hakuna aliyebaki kutusikiliza isipokuwa mlinzi
na mwanamke mmoja aliyemaliza chipsi zake bila haraka.
Nikainama kupandisha kati.
Njiti ikavunjika.

Ndipo nikamwona Amoni, upande wa pili, hanitazami,
mkono kwenye ampli,
anazungusha kile kitufe ambacho hakijawahi kuguswa,
polepole, kama anafungua chupa ya soda iliyotikiswa.
Na sauti yake ikatoka ndani ya mvua,
nyembamba, ya puani, yenye mchanga.
Noti nne. Nilizihesabu.
Halafu umeme ukakatika.

Tulikaa gizani na nyuzi zetu kavu
hadi ndoo ya kwanza ikafurika.
Nikapiga uzi wa tatu, kimkono tu, kujaribu.
Bati halikujibu.
Likilowa, nadhani, linadai kiasi kingine.