Mbili na Nusu

Mkaguzi alipita na kinyundo kidogo,
akibisha hodi ubavuni mwa boti
kama mtu aliyefuata deni lake.
Ngo, ngo, ngo, na kila alipogonga
akaandika kwa chaki unene wa chuma:
nne nukta moja. Tatu nukta nane.
Karibu na shetri, usawa wa choo,
akagonga mara mbili, akanyamaza,
akaandika mbili na nusu,
akaipigia mstari.

"Chuma huisha kama sabuni, Wiebren," akaniambia.
"Hakikupigii kelele."

Boti ilining'inia kwenye mikanda ya winchi
uwanjani pale Grou, Machi, upepo wa kukata masikio,
ikichuruzika maji ya ziwa. Mita tisa na robo.
Iliundwa mwaka ule nilioajiriwa posta.
Imepakwa rangi mpya, bluu, nzito,
na rangi mpya juu ya mali kuukuu
hunifanya nishike mfuko wangu.
Sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia,
sembuse mbuzi wa euro elfu ishirini na sita.

Mwenyewe, Durk Hoogland, hataji bei.
Anataja injini: dizeli, silinda nne,
saa elfu tatu na mia mbili,
"inakohoa asubuhi tu, kama mimi."
Anatoa daftari. Kila lita aliyotia ameiandika,
kila daraja, kila mlango wa maji,
na mkono mwingine, kwa kalamu ya risasi,
umeongeza pembeni:
mvua. supu ya njegere. D. amenuna tangu Sneek.
Mwandiko huo wa pili unakoma Agosti.
Baada ya hapo ni lita tu.

Sikuuliza. Anayetaka kupunguziwa bei
hana ruhusa ya kuuliza.

Hiske hakuitazama injini hata kidogo.
Alichomoa futi kamba kwenye mkoba,
akapima ngazi ya kushukia chumbani:
sentimita thelathini na nne kila kidato.
Akashuka, mguu wa nyonga mbovu mbele,
akapanda, akashuka tena.
Nilimsikia akihesabu.
Kisha akajilaza kitandani na viatu vyake,
mikono kifuani, akaitazama dari,
akasema, "Miaka sita. Saba,
akipatikana fundi mzuri."
Sikujua alisema boti au nyonga.

Jioni waliirudisha majini.
Sisi tukarudi nyumbani, tukatandaza karatasi mezani.
Kuilaza ghalani majira ya baridi: elfu moja na mia nne.
Bima. Gati.
Bamba la kuchomelea pale penye mbili na nusu:
fundi atapanga bei akishauona uso wangu.
Rafadha, ambayo ina pengo
kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.
Upande wa pili tuliacha nafasi ya faida.
Hiske akaandika: chai ya asubuhi, nje.
Akaandika: hakuna barabara.
Akasita, akafuta hilo la barabara,
akaandika: bata.
Nilipiga hesabu mara tatu.
Bata hawakuingia popote.

Usiku ikaja mvua ya kuangusha mapipa.
Kitanda kikavu, paa zima, deni sina,
nami macho makavu vilevile,
nikiwaza ngama ya boti ya mwenzangu,
pampu ambayo waya wake umefungwa kwa utepe,
turubai lililolegea upande wa kulia,
na mzee wa miaka themanini na moja
ambaye husinzia mapema, alituambia mwenyewe,
kwa sababu ya vidonge.

"Unawaza nini?" Hiske akauliza gizani.
"Maji yanaingia."
"Kwa Durk?"
"Ndiyo."

Akanyamaza kitambo.
Kisha akawasha taa, akapapasa miwani,
akaketi ukingoni mwa kitanda
na kuanza, polepole, kuvaa soksi.