Vipimo vya Tausi

Daftari langu halina tarehe, lina inchi tu.
Ukurasa wa kwanza: Lubango, kiuno ishirini na saba,
malipo kuku mmoja na ahadi.
Alikuwa anapakua dagaa Mwaloni, magamba yamemganda kwenye nyusi.
Akasema, "Fundi, nishonee koti
ambalo likishaingia ukumbini
mimi bado niko mlangoni."

Kitambaa cha hivyo sikuwa nacho.
Nilikuwa na pazia la arusi iliyovunjika, zambarau,
na vifungo vya kaunda suti ya marehemu baba.
Makoroboi nzima ilicheka, wauza mitumba wakaacha kunadi.

Usiku ule Igogo hawakucheka.
Alisimama juu ya kreti za soda
akaimba alichokiandika nyuma ya risiti ya barafu:
mwanamke anayehesabu samaki
kwa majina ya waume zake.

Ishirini na tisa. Manyoya ya mbuni
(ya kuku, nimeyachovya rangi mwenyewe).
Thelathini na mbili. Kola imesimama kama bati la upepo.
Redio ikamwita Tausi. Mchungaji akamwita jina jingine.
Mama yake, Nshoma, alikuja dukani, nikajua nimekwisha;
kumbe anataka kipande kilichobaki, afunge kilemba.

Thelathini na sita. Alirudi kutoka Dar na gari jeupe,
akalipa deni lote mbele ya watu,
kisha akakopa zaidi ya alicholipa.
Ndivyo alivyokuwa.

Halafu kurasa tatu tupu.

Alipokuja tena ilikuwa magharibi, mlango nusu.
Nikazungusha futi. Sikusoma kwa sauti.
Akainama akasoma mwenyewe: ishirini na sita.
"Umeona, fundi? Nimerudi ujana."

Wajomba ndio walioleta kitambaa cheusi.
"Koti la adabu," walisema. "Bila mbwembwe zake."
Nikaitikia. Nikakata. Umeme ulikuwa umekatika,
nikashona kwa chemli mpaka jogoo.
Nje, jeusi, kama walivyoagiza.
Bitana, zambarau,
na shanga kila mahali mkono wangu ulipofika.

Njia ya Igogo ni mawe matupu; jeneza liliyumba.
Mbebaji mmoja akageuka: "Mmesikia kama kayamba?"
Nilikuwa nyuma yao, nikatazama ziwa.

Deni lake limo daftarini.
Sijalikata.