Penseli ya Ukurasa wa Arobaini

Leelo kaingia maktaba ya Tartu
theluji ikimyeyukia viatuni,
na insha yake ya vinamasi
ina majimaji kuliko vinamasi vyenyewe:
"wataalamu wanasema", mara kumi na moja,
wala hakuna mtaalamu mwenye jina.

Heldur, mkutubi, hakucheka.
"Rafu ya tatu, chini ya dirisha.
Chukua mwongozo wenye jalada lililochanika.
Ule mpya haujasomwa na mtu."

Koma hapa, nukta pale,
jina la ukoo kwanza, kisha mwaka:
ni kupiga hodi tu
kabla ya kuketi kwenye kiti cha mwenzio.

Na ukingoni, kwa penseli iliyofifia:
*Nukta hukaa nje ya mabano.
Kosa hili nililipia muhula mzima.*

Nani? Saini hakuna.

"Kazi yangu kufuta," akasema Heldur,
kifutio kimelala droani.
"Hayo nimeyapita miaka tisa."

Usiku ule tanbihi zikanyooka.
Ya mwisho Leelo akaiandika polepole:
Penseli, mwaka haujulikani, uk. 40.

Profesa ataikata.
Na aikate.
Nukta zote ziko mahali pake.