Uzi wa Sweta

Nduli, saa kumi na mbili na robo.
Ukungu bado umelalia mahindi ya watu
nami nabandika uzi kwenye kioo cha mbele:
mwekundu, wa sufu, shibiri moja,
masalio ya sweta za shule
alizofuma mama mwaka ule wa jalidi, Makete.

Kapteni Lugano, mwalimu wangu, alicheka mwanzoni.
"Vipimo sita mbele yako, binti Luvanda,
na bado wataka hirizi?"
Baadaye naye akaja kuomba kipande.
Maana vipimo husema kimo, husema mwendo,
husema kaskazini iko wapi;
uzi una neno moja tu:
kama pua inatazama huko tuendako
au inatudanganya.

Na pua hudanganya.
Juu ya Mufindi, chai imesukwa chini mistari mistari,
upepo ulipanda ghafla kutoka bonde la Kilombero
ukatupiga ubavu wa kulia.
Injini zote mbili hazikubadili sauti.
Chai haikusogea.
Uzi tu ndio ulioinama kushoto
kama mtoto aliyesikia jina lake.

Nikalegeza miguu kwenye pedali. Ngoja, nikajiambia, ngoja.
Upepo ukalifikia pezi la mkia,
ukaisukuma nyuma yetu kushoto,
na pua, taratibu, ikageuka kulia
kumtazama aliyetupiga.
Ikapitiliza. Ikarudi. Ikapitiliza tena, kidogo zaidi.
Uzi ukalala katikati.

Nilimsimulia mama haya jikoni, akimenya viazi.
"Sasa ikiyumba, nani huirudisha?"
"Mkia, mama."
Akanyamaza mpaka kiazi kikaisha mkononi.
"Baba yako alijua kwenda mbele," akasema.
"Basi."

Leo nina Nesi Tusekile na sanduku la damu,
na uwanja wa nyasi uliobanwa na misindano.
Tuko juu mno, uwanja ni mfupi,
kwa hiyo naikosea ndege kwa makusudi:
bawa la kulia chini, mguu wa kushoto ndani,
nayo inateleza ubavu, inaegemea hewa kwa bega,
inashuka kama gunia la viazi.
Nesi ameshika mlango kwa mikono miwili.
"Mbona twaenda upandeupande?"
Simjibu. Natazama uzi:
umelala kushoto, umekazana,
ndivyo nilivyouomba.
Misindano inapanda dirishani, matawi, magome,
mtu mmoja na shoka lake, kinywa wazi.
Hapo naachia mguu, nasawazisha bawa,
na mkia unafanya kazi yake bila kuulizwa.

Magurudumu yanagusa. Umande unaruka hadi bawani.
Nesi anateremka, hasemi kwaheri, anakimbia
sanduku likimgonga gotini.

Kimya. Injini zinapoa, zikitoa vijisauti.
Uzi unaning'inia tu kiooni,
umefumuka nchani.
Jumamosi nitapita Makete kuomba mwingine.