Sarafu za Mbao

Jumapili, Winooski, jua halijapanda juu ya kinu cha zamani,
tumepanga foleni, mimi na Asende na toroli la gurudumu bovu,
mbele ya hema la bluu ambapo Delia anaitikisa mashine
kama mtu anayekung'uta kiatu chenye mchanga.
"Mtandao," anasema. Nasubiri.
Kusubiri nakujua.

Nabonyeza namba nne: mwaka tuliovuka ziwa.
Kadi inasomwa, inasita, inakubaliwa.
Kumi, namwambia. Ananihesabia sarafu kumi za mbao,
halafu kumi nyingine za kijani, za mboga tu, nyongeza.
Kumi imezaa pacha hapo hapo mezani,
wala hakuna aliyeniuliza nimeolewa na nani,
tunalala wangapi,
nani kafa tangu hesabu ya mwisho.

Wiki iliyopita, dukani, kadi hii hii niliishika
kama mtu anavyoshika jino lililong'oka.
Nyuma yangu mwanamke akashusha pumzi ndefu,
akahamia mstari mwingine na maziwa yake.
Hapa sarafu zinagongana mfukoni,
zina harufu ya penseli mpya.

Mchagua nazi hupata koroma, wanasema.
Mimi kambini, miaka kumi na minne, sikuchagua hata koroma.
Unga ulikuja wa njano, ukaja wa njano tena.
Maharage yalipimwa kwa kopo lililobonyea ubavu,
na kila mmoja wetu alijua
ule ubavu umemlia punje ngapi.

Leo nasimama mbele ya nyanya dakika nzima.
Naishika moja, naiacha. Naishika nyingine.
Haina kasoro. Naiacha kwa sababu naweza kuiacha.
Asende ananivuta mkono: "Mama, zote ni nyanya."
Zote ni nyanya, mwanangu. Ngoja.

Karoti za Orrin Thibault ni dola tatu na nusu.
Mbao haina nusu, na chenji hairuhusiwi.
Anakuna kidevu, anaongeza kitunguu
kilichojeruhiwa na jembe, tunaita nne.

Sasa niseme la maboga.
Mwezi wa saba nilimuuliza yale majani anayafanyia nini.
Akadhani nimekosea neno, akachora boga hewani, mikono miwili.
Nikamchorea jani. Nikamchorea ncha changa,
nyuzi zinavyomenywa kwa ukucha, karanga, sufuria, moto.
Akacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye matango.
Jumapili iliyofuata akaleta gunia zima
na sarafu akakataa: "Haya ni ya kutupa. Chukua."
Nikapika. Nikampelekea kibakuli chenye mfuniko.
Nikamwambia na Mama Wabiwa,
na Mama Wabiwa, mdomo wake hauna komeo,
akawaambia wa mtaa wa juu, nao wakaja na vikapu.

Leo majani yamefungwa mafungu kwa raba nyekundu,
yamelazwa juu ya barafu kama samaki wa harusi,
na kibao kilichoandikwa kwa mkono: dola mbili.
Chini yake, neno nililomfundisha mimi,
amekosea herufi moja.

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.
Orrin masikio yamemwiva.
Anainama, anatafuta kitu chini ya meza ambacho hakipo,
anainuka na fungu moja, ananisukumia upande wangu,
anatazama kando, aniachie nipite nalo.

Hapana.
Nahesabu mbili za kijani, naziweka kiganjani mwake,
moja, kisha ya pili, mbao ilie juu ya mbao.
Nalinyanyua lile fungu lake, naligeuza tumbo,
navunja kikonyo kimoja nisikie.
Limekomaa. Narudisha.
Nalichukua la chini yake.