Mti Nambari Thelathini na Nane

Baba yangu, Eutiquio, hana shamba la kunirithisha.
Ana mti mmoja katika msitu wa halmashauri,
nje kidogo ya Navas de Oro,
na hata huo si wake.

Miaka arobaini na mmoja alichanja misonobari,
akaning'iniza kikombe cha udongo chini ya kila jeraha,
akangoja utomvu utone
kama mdaiwa anavyolipa: polepole, tena kwa kununa.
Viganja vikamvimba, vikapasuka. Jioni mama
alimpaka mafuta ya zeituni, naye akasema:
Si mimi ninayeuchanja mti. Tunachanjana.

Ila ule, akasema, ule wa bondeni hauwashi.
Akaupigia alama ya chokaa. Hakumwambia msimamizi.

Sasa mimi ndiye mwenye koti jeupe.
Mashine yetu huko Valladolid huuchambua utomvu
harufu moja moja, ikichora vilele kwenye karatasi.
Kilele cha tatu ndicho kinachounguza ngozi.
Kwenye mti wa baba, hapo pa tatu,
mstari umelala tambarare
kama Kastilia yenyewe.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, wanasema.
Basi nikataka mtoto wa asiye na sumu.
Februari nikapanda ngazi, nikakata vikonyo,
nikavifunga kwa kitambaa chenye maji,
nikavibebesha miche ya miaka miwili.
Sitini nilifunga. Ishirini na mitatu ikashika.
Nililia kwenye kitalu, peke yangu, kama mjinga.

Kisha Hermelinda wa wadudu akaja na kipande cha gogo,
akakiweka mezani juu ya chai yangu, karibu aimwage.
Gome lilikuwa na matundu kama kichujio.
Aliwapa mbawakawa miti sita wachague.
Wote waliingia kwetu.
Hawakubisha hata hodi.

Kwa hiyo kile kilichomla baba mikono
kilikuwa kufuli.

Usiku ule sikulala. Nilihesabu vilele.
Mwezi Mei nikavalisha koni changa mifuko ya karatasi,
nikapulizia chavua ya mti mkali wa kilimani,
ule ambao baba aliuita Mama Mkwe.
Koni zinataka miaka miwili kukomaa.
Miche inataka kumi, au zaidi, kabla ya chanjo ya kwanza.
Baba ana sabini na tisa.

Jumapili nilimweleza yote, tukimenya viazi.
Akanyamaza, akageuza viganja vyake
kama mtu anayesoma barua ya zamani.
— Hiyo mipya, itawasha?
— Kidogo.
Akatupa ganda kwenye ndoo.
— Kidogo naweza, akasema,
yeye ambaye hajashika shoka tangu mama afe.