Nguzo ya Ziada

Kazi yangu ni kusimama.
Saa moja asubuhi, Oktoba, uwanda wa Kujawy,
umande umeshapenya buti,
nami nasimama hatua nne kutoka kwenye ndoo ya katapila,
ndoo butu, isiyo na meno, kama mkataba ulivyotaka,
nikitazama ardhi ikivuliwa ngozi yake nyeusi.

Ziemowit yuko juu, ndani ya kioo, redio ikikoroma.
Wiki ya kwanza aliniita Bibi Subiri.
Nikiinua mkono anazima injini,
na Bwana Pawlicki anachomoka kontenani
kama nyigu aliyechokozwa:
bomba lifike kijijini kabla ya theluji,
leo tena ni nini, dhahabu?
Doa, nasema.
Doa!

Ndiyo, bwana. Doa.
Duara jeusi, pana kama sahani, kwenye udongo wa manjano.
Mti ulichongwa, ukasimikwa, ukaoza,
ukaacha giza lenye umbo lake.
Nalo lina wenzake: matatu, sita, kumi na moja,
nyumba ndefu
ambayo kuta zake zilihama miaka elfu saba iliyopita.

Nikapiga magoti. Mwiko, brashi, kamba.
Nikakata kila doa nusu
kama mtu apasuaye yai la kuchemsha aone limeiva kiasi gani.
La tano likanishinda:
jembamba, limelala mshazari, limembana jirani yake,
nje ya safu.
Nikaandika: halijulikani. Nikafuta. Nikaandika tena.

Kivuli kikaangukia karatasi.
Ziemowit alikuwa ameshuka, sigara mdomoni, haijawashwa.
Akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu
kama atazamavyo mafuta yanayovuja chini ya injini.
"Hilo ni egemeo," akasema.
"Ukuta ulikuwa unalala. Mimi nimeweka la kwangu mwezi wa tatu,
banda la mama, pembe hiyohiyo.
Unachimba kwa mshazari, hivi,
unashindilia kwa kisigino."
Akakanyaga hewa, mara mbili,
pale pale pa kisigino cha mtu tusiyemjua.

Basi walikuwa watu wa kuziba ufa.
Msitu ulikuwa mlangoni, wangeweza kuanza upya;
kuna aliyesema hapana, bado inafaa,
nipe ule mti mfupi.

Bwana Pawlicki akaja na saa yake.
Safari hii hakutaja dhahabu.
Akauliza kama egemeo lilisaidia.

Sijui, nikamwambia.
Udongo hausemi nyumba ilidumu majira mangapi baada ya hapo.

Siku ya nne bomba lilipita, la buluu, likafukiwa.
Kwenye fomu, chini kabisa, niliandika:
nguzo ya ziada, imetambuliwa na dereva.
Ofisini watauliza dereva ana shahada gani.

Siku hizi ndoo husimama kabla sijainua mkono.
Ziemowit hunyoosha kidole kupitia kioo, nami hushuka mtaroni.
Mara nyingi ni mzizi tu.
Naandika: mzizi.